Tarehe 30 Juni 2024 ilipita, na seva hazikusema kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wakuu wa ofisi, wahasibu na vijana wa TEHAMA. Jambo lenyewe ni seva zinazoendeshwa na mifumo endeshi (programu kuu inayoiendesha mashine) ambayo watengenezaji wake wameshaacha kuihudumia, na ambazo hadi leo zinabeba mishahara, matokeo ya wanafunzi, kumbukumbu za wagonjwa na hesabu za stoo.

Nianze na CentOS 7, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Ilitoka Julai 2014, ikapendwa kwa sababu ilikuwa ya bure na ilijengwa kwa msimbo ule ule wa Red Hat Enterprise Linux 7, ambayo huuzwa. Huduma yake ilikoma 30 Juni 2024. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda hiyo ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wa fedha; ofisi zilikuwa zinafunga vitabu, nani angeuliza habari za seva? Kesho yake, tarehe mosi Julai, tovuti zilifunguka kama kawaida, risiti zikatoka, barua pepe zikaingia. LUKU ikiisha, taa zinazimika na mtu anatoka mbio kununua umeme. Mfumo endeshi ukiisha muda hakuna kinachozimika, ndiyo maana hakuna anayetoka mbio.

Ukimya huo una sura yake kwenye kioo. Fundi akiandika yum update, amri ya kusasisha, kwenye CentOS 7 ambayo haijaguswa, anajibiwa Could not resolve host: mirrorlist.centos.org, kwa kuwa anwani hiyo ilishaondolewa. Anapekua mtandaoni, anakuta ushauri wa kuhariri mafaili ya /etc/yum.repos.d yaelekee vault.centos.org. Anahariri, anaandika tena amri ile ile, na safari hii hakuna kosa: kama seva ilikuwa imepokea viraka vyote (marekebisho ya kuziba matundu ya usalama) hadi Juni 2024, anajibiwa No packages marked for update. Roho inatulia. Kwenye ripoti ya mwezi anaandika kwamba seva imesasishwa. Kumbe vault ni ghala la kumbukumbu. Kilichomo ni vifurushi vya mwisho vilivyowekwa siku zile, wala haviongezeki. Jibu lile litakuwa hilo hilo mwakani na mwaka wa tatu, hata kama matundu mapya mia yatakuwa yamegunduliwa hapo kati. Ghala lina kazi yake halali, maana utalihitaji ukitaka kusakinisha zana za kuhamia toleo jipya. Kwa usalama halikupi chochote.

Jambo linalowapotosha wengi ni namna ya kuhesabu umri. Miaka ya huduma huhesabiwa tangu toleo lilipotoka kwa mtengenezaji, na siku ulipolisakinisha haimo kwenye hesabu. Aliyeweka CentOS 7 mwaka 2022 kwenye mashine mpya yenye dhamana ya miaka mitano alijinunulia miaka miwili tu ya viraka. Zabuni ikinakiliwa neno kwa neno kutoka ile ya miaka sita iliyopita, ofisi italetewa mfumo wa miaka sita iliyopita, na mzabuni atakuwa hajavunja sharti hata moja.

Kwa hiyo tarehe zenyewe zijulikane. Windows Server 2012 na 2012 R2 zilikoma 10 Oktoba 2023, na viraka vya kulipia vinaishia 13 Oktoba 2026. Windows Server 2016 mwisho wake ni 12 Januari 2027. Ya 2019 inafika 9 Januari 2029, na ya 2022 inafika 14 Oktoba 2031. Ubuntu za LTS, yaani za huduma ya muda mrefu, hupewa miaka mitano ya kawaida: 18.04 iliisha Mei 2023, 20.04 ikaisha Mei 2025, 22.04 ni 2027. Debian nayo huishi kama miaka mitano ukijumlisha kipindi cha LTS. Debian 10 iliaga 30 Juni 2024, siku moja na CentOS 7, na Debian 11 ni Agosti 2026.

Na hata tarehe iliyotangazwa inaweza kurudishwa nyuma. CentOS 8 ilitarajiwa kuhudumiwa hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba itakoma 31 Desemba 2021. Mdogo akazikwa miaka miwili na nusu kabla ya kaka yake, na waliokuwa wamewahi kuhamia huko, wale wenye bidii, ndio walioumia. AlmaLinux na Rocky Linux, nazo za bure na za ukoo wa Red Hat, zilizaliwa 2021 kuziba pengo hilo. Ndiyo maana tarehe hizi ziangaliwe upya kila mwaka wakati bajeti inaandikwa.

Sasa, kwa nini ukimya ni hatari? Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni saa 2 usiku au saa 3, kutegemea majira ya Marekani. Usiku huo huo wapo watu wanaochukua faili la kabla ya kiraka na faili la baada yake, wanalinganisha, wanaona ni mstari gani umebadilika. Mstari uliobadilika ndipo lilipokuwa tundu. Mara nyingi msimbo huo haukuandikwa juzi. Umerithiwa toka matoleo ya nyuma, kwa hiyo tundu lililozibwa kwenye Server 2022 huenda lipo pia kwenye 2012, na huko hakuna wa kuliziba. Kila kiraka cha toleo jipya kinakuwa ramani ya kuingilia toleo la zamani. Seva hiyo haikubaki pale ilipokuwa siku huduma ilipokoma. Kila mwezi inazidi kuwa wazi, ilhali hakuna mtu aliyeigusa.

Mfano unaojulikana ni WannaCry. Tundu lilikuwa katika itifaki ya kushirikiana mafaili, SMB toleo la 1, kwenye poti 445 (poti ni mlango wa seva kwenye mtandao). Kiraka chake, MS17-010, kilitoka 14 Machi 2017. Silaha ya kulitumia ilimwagwa hadharani mwezi Aprili, na 12 Mei virusi vikaanza kusambaa vyenyewe kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubofya chochote. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi 150 hivi zilifungwa mafaili na kudaiwa fidia. Uingereza, wakaguzi wa taifa walihesabu angalau taasisi 80 kati ya 236 za afya za England zilizoathirika, na miadi 6,912 ya wagonjwa iliyothibitika kufutwa. Windows Server 2003 ilikuwa imeachwa tangu 14 Julai 2015. Ilibidi Microsoft itoe kiraka cha dharura kwa mfumo ambao ilikuwa imeshaacha kuuhudumia. Mashine nyingi zilizoambukizwa katika hospitali hizo, hata hivyo, zilikuwa Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo, hakikuwekwa. Kwa hiyo anayejivunia mfumo mpya asioupa viraka hana tofauti na mwenye mfumo uliokufa, isipokuwa huyu wa kwanza hana kisingizio. Hapo niwakumbushe mafundi wanaoonyesha amri ya uptime kwa majivuno, "siku 900 bila kuzima": kiraka cha kiini cha mfumo (kernel) hakianzi kufanya kazi mpaka mashine iwashwe upya, labda kama kuna huduma ya kubandika viraka mfumo ukiwa unatembea. Siku 900 za kutozima zina maana ya siku 900 za kiini kisichobadilika.

Wapo watakaonijibu kwamba ya kale ni dhahabu, na hoja yao haikosi ushahidi. Tarehe 1 Julai 2024, siku moja tu baada ya CentOS 7 kuachwa, kampuni ya Qualys ilitangaza tundu kubwa katika OpenSSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, lililopewa jina regreSSHion. Lilihusu matoleo ya 8.5p1 hadi 9.7p1. CentOS 7 ina OpenSSH 7.4, ikapona. Heartbleed, tundu la Aprili 2014 katika OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano, nalo liliziacha OpenSSL za 0.9.8 salama, kwa sababu kosa liliingizwa katika 1.0.1. Ni kweli. Lakini tarehe 30 Juni 2025, mwaka mmodi kamili baada ya CentOS 7 kuachwa, lilitangazwa tundu la sudo, amri inayompa mtumiaji mamlaka ya msimamizi; namba yake ni CVE-2025-32462, nalo linahusu matoleo kuanzia 1.8.8 hadi 1.9.17. Sudo ya CentOS 7 ni 1.8.23, imo katikati kabisa. Tundu hilo huleta madhara pale tu faili la sudoers, lenye kanuni za nani aruhusiwe nini, linapokuwa na kanuni zinazotaja jina la mashine mahususi, lakini ofisi zinazogawa faili moja la sudoers kwa seva zote hufanya hivyo hivyo. Kosa lilikuwamo kwa miaka kumi na miwili. Aliyepona mwaka 2024 alipona kwa bahati ya tarakimu za toleo.

Wakaguzi nao nina neno nao. Red Hat na wenzake hurudisha viraka nyuma: wanaziba tundu bila kubadilisha namba kuu ya toleo. Skana ya mkaguzi, programu ya kutafuta matundu kwa kusoma namba za matoleo, inaona OpenSSH 8.7 kwenye AlmaLinux 9, inapiga kelele nyekundu, na ukurasa mzima wa ripoti unajaa matundu yaliyozibwa zamani. Fundi ajibu kwa ushahidi: rpm -q --changelog openssh | grep CVE itaonyesha kila namba iliyoshughulikiwa. Halafu ripoti hiyo hiyo yenye kurasa arobaini inaweza kuutaja mstari wa CentOS 7 kwa rangi ya njano tu, kwenye ukurasa wa mwisho.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza hesabu ulichonacho. Kwenye Linux ni cat /etc/os-release. Kwenye Windows ni winver. Usiridhike na orodha ya mali ya ofisi, kwa sababu mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya seva) hazina kibandiko cha namba ya mali, na ndizo zinazosahaulika. Kisha angalia kinachosikiliza mtandao: ss -tulpn kwa Linux, netstat -ano kwa Windows. Seva ya zamani yenye poti 3389 au 445 iliyo wazi kwa intaneti ifungwe leo hii, kabla hujafika mwisho wa gazeti. BlueKeep ya Mei 2019 ilipita kwenye hiyo 3389, na iligusa Server 2003 na 2008 R2.

Kwa Linux, njia ninayoipendekeza ni kujenga seva mpya pembeni, kuhamisha data, kujaribu, kisha kugeuza anwani. Kupandisha toleo juu ya mfumo ule ule kunawezekana: AlmaLinux wana zana inayoitwa ELevate, inayotumia Leapp. Inapanda ngazi moja moja, 7 kwenda 8, kisha 8 kwenda 9, hairuki. Kabla ya yote endesha leapp preupgrade na usome /var/log/leapp/leapp-report.txt mstari kwa mstari. Itakukataza kuendelea kwa mambo kama dereva ya pata_acpi iliyopakiwa, au mpangilio wa PermitRootLogin usiotamkwa kwenye sshd_config. Sehemu ya /boot iliyo finyu nayo hukwamisha kazi katikati. Kama ni mashine pepe, piga picha ya hali yake kwanza.

Ukiwa na mashine ya chuma, si pepe, adui ni kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa. Toleo la 8 la Red Hat na wenzake liliondoa madereva ya kadi nyingi za zamani. Matokeo yake ni kwamba upandishaji unaenda vizuri, mashine inawaka upya, na kiini kipya hakizioni diski. Kipimo cha dakika kumi kinakuepusha na usiku wa namna hiyo: andaa flashi ya usakinishaji wa toleo unalolitaka, washa mashine kwa flashi hiyo katika hali ya uokoaji, andika lsblk. Diski zisipoorodheshwa, umejua mapema, na ELRepo, ghala la vifurushi vya nyongeza, huwa na madereva ya baadhi ya kadi hizo. Angalia na prosesa. Toleo la 9 linadai prosesa yenye uwezo wa kiwango cha x86-64-v2. Red Hat ya 10 inadai v3, ambayo kwa Intel za seva ni kuanzia kizazi cha Haswell. Amri ya grep avx2 /proc/cpuinfo ikirudi tupu, hiyo 10 haitawaka hapo. AlmaLinux 10 wametoa pia chapa ya v2 kwa mashine za namna hiyo, jambo la kuwashukuru sisi tunaonunua seva zilizotumika.

Lakini gharama kubwa haiko kwenye mfumo endeshi. Iko kwenye programu iliyokaa juu yake. CentOS 7 ilikuja na PHP 5.4 na MariaDB 5.5. AlmaLinux 9 inaanza na PHP 8.0 na MariaDB 10.5. Amri za mysql_connect na ndugu zake ziliondolewa kwenye PHP 7.0, mwishoni mwa 2015. Mfumo wa ada wa shule ulioandikwa 2013 na kijana ambaye namba yake ya simu haipatikani tena utaonyesha ukurasa mweupe, basi. Pima ukubwa wa kazi kabla ya kuahidi tarehe: grep -rn "mysql_" /var/www | wc -l. Ikija mistari 40, fundi anaweza kuibadilisha kwenda mysqli au PDO kwa siku chache. Ikija 4,000, hapo unanunua mfumo mpya, na mkuu wa ofisi aambiwe hivyo mapema, asiambiwe katikati ya uhamiaji.

Hifadhidata ina mtego wake. MariaDB ya zamani ilikuwa mpole: ukiingiza jina la herufi 60 kwenye safu ya herufi 50, ilikata kumi za mwisho kimya kimya na kuendelea. Kuanzia 10.2 inakataa. Fomu iliyokubali kila kitu kwa miaka tisa itaanza kutoa makosa, watumiaji watalalamika kuwa seva mpya ni mbovu, na fundi mwenye haraka atazima ukali huo ili kelele zikome. Asiuzime, aongeze upana wa safu. Wakati wa kutoa data, mysqldump --single-transaction --routines --events ni sahihi kwa jedwali za aina ya InnoDB peke yake. Mifumo ya zamani ina jedwali za aina nyingine, MyISAM, na kwa hizo chaguo la single-transaction halilindi chochote: malipo yanayoingia wakati bakapu inaandikwa yanaweza kuonekana kwenye jedwali la risiti na yasionekane kwenye jedwali la salio. Kwa hiyo simamisha programu kwanza, toa data, ndipo uendelee.

Mafaili yahamishwe kwa rsync -aHAX. Ukishayaweka mahali pake endesha restorecon -Rv /var/www, la sivyo SELinux, mlinzi wa ndani wa Linux, itakataa yasomwe ilhali ruhusa zote za chmod zinaonekana sawa, na nusu ya mafundi watamaliza tatizo hilo kwa kuizima SELinux yote. Kumbuka kazi za cron, zinazojiendesha kwa ratiba, zilizoko /var/spool/cron na /etc/cron.d. Hizo ndizo husahaulika, na mojawapo huwa ni ile ya bakapu ya usiku. Utagundua imekosekana siku utakayoihitaji. Siku mbili kabla ya kugeuza anwani, shusha TTL ya DNS (muda ambao anwani ya zamani hukumbukwa mtandaoni) hadi sekunde 300. Seva ya zamani izimwe, itolewe mtandaoni, itunzwe mwezi mmoja ndipo diski zake zifutwe.

Upande wa Windows nitaeleza mambo mawili yanayoharibu kazi kuliko mengine. La kwanza ni seva inayosimamia domeni, yaani akaunti na kompyuta zote za ofisi. Usiipandishe toleo hapo hapo ilipo. Weka seva mpya kando yake, iwe msimamizi mwenza, hamisha yale majukumu matano (netdom query fsmo itakuonyesha yako wapi), kisha ishushe cheo ya zamani. Domeni iliyoanzia enzi za Server 2003 inaweza kuwa bado inanakili SYSVOL, folda ya pamoja ya wasimamizi wa domeni, kwa njia ya zamani ya FRS, na Server 2019 haikubali hilo. Andika dfsrmig /getglobalstate. Usipoona Eliminated, una kazi ya kufanya kwanza. Anayetaka kurukia 2025 moja kwa moja ajue kuwa kama msimamizi wa domeni inadai kiwango cha utendaji cha 2016, ambacho seva za 2012 R2 hazikifikii. Itakubidi uingize 2019 au 2022 kwanza, uzitoe za 2012 R2, upandishe kiwango, ndipo 2025 iingie. Kwa seva za kawaida ambazo si za domeni, 2012 R2 inaweza kupanda hadi 2016, 2019 au 2025, lakini haiendi 2022 moja kwa moja. Ndivyo walivyopanga.

La pili ni SMB toleo la 1, ile ile ya WannaCry. Kwenye 2012 R2 huja ikiwa imewashwa. Kwenye 2019 haisakinishwi kabisa usipoiomba. Unahamia seva mpya Jumamosi, Jumatatu asubuhi mashine ya fotokopi ya ghorofa ya pili haipeleki tena skani kwenye folda, maana inajua SMB 1 tu. Wiki nne kabla ya kuhama, kwenye 2012 R2 iliyosasishwa au 2016, endesha Set-SmbServerConfiguration -AuditSmb1Access $true, na ufuatilie tukio namba 3000 kwenye kumbukumbu za SMBServer, upande wa Audit. Kila mashine inayotumia itifaki hiyo itajitaja. Wiki nne nazitaka kwa makusudi: kompyuta ya mishahara huenda ikaonekana mwisho wa mwezi tu. Fotokopi zilizojitaja zisasishwe programu yake ya ndani au zielekezwe kutuma skani kwa barua pepe. Kuiwasha SMB 1 kwenye seva mpya kwa ajili ya fotokopi moja ni kurudi tulikotoka.

Zipo seva ambazo haziwezi kuhama leo, kwa mfano inayoendesha mashine ya maabara ambayo programu yake inakubali Windows moja tu. Hiyo itengewe VLAN yake, yaani mtandao wake wa pembeni, isifike intaneti, faiwoli iruhusu poti moja au mbili kwa anwani zinazotajwa moja moja. Nywila ya msimamizi isifanane na ya seva nyingine yoyote, kwa kuwa mvamizi akiingia hapo kitu cha kwanza atakachochota ni nywila. Kama ni tovuti, weka mbele yake seva mpya ya kupokea wageni, ishughulike na TLS (usimbaji wa mawasiliano) za kisasa, ya zamani ibaki nyuma. Bakapu yake ikae mahali ambapo seva yenyewe haiwezi kuandika wala kufuta, na mara moja kwa robo mwaka irejeshwe kwa majaribio.

Kununua muda pia si aibu, ili mradi ujue unanunua muda tu. Red Hat wanauza nyongeza ya huduma kwa toleo la 7 hadi 30 Juni 2028, na TuxCare wanauza viraka vya CentOS 7. Kwa Ubuntu, Ubuntu Pro ni bure kwa mashine hadi tano, ikiwemo kwa biashara ndogo, na inaongeza 20.04 hadi 2030. Kinachotakiwa ni kujiandikisha na kuingiza amri ya sudo pro attach na tokeni yake. Ofisi yenye seva mbili za 20.04 isiyofanya hivyo haina la kujitetea.

Upande wa sheria nitapita haraka. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na Kenya sheria yao ya 2019 inampa anayetunza data za watu saa 72 kumjulisha Kamishna pale taarifa za watu zinapovuja. Ni vigumu kumweleza msimamizi yeyote wa sheria hizo kuwa ulichukua tahadhari ya kutosha huku kumbukumbu za wagonjwa zikiwa juu ya mfumo usiopata kiraka kwa miaka miwili.

Ninachoomba kwa wanaoandika zabuni na mikataba ni sentensi mbili tu. Ya kwanza: mfumo endeshi utakaoletwa uwe umebakiza angalau miaka mitano ya viraka vya usalama siku ya kukabidhiwa, na tarehe ya mwisho iandikwe kwenye hati ya makabidhiano. Ya pili: anayetengeneza programu akabidhi msimbo wake, na awajibike kuihamishia toleo jipya la mfumo kwa bei inayokubaliwa sasa. Kisha mhasibu aichukue tarehe ile aiweke kwenye mpango wa matumizi kama anavyoweka bima ya gari. Windows Server 2016, kwa mfano, inaisha Jumanne ya 12 Januari 2027, katikati kabisa ya mwaka wa fedha 2026/27. Fedha za kuibadilisha ni za bajeti hiyo. Zikiombwa katika ya 2027/28, zitafika seva ikiwa na miezi sita bila kiraka, kabla hata zabuni haijatangazwa.

Mtunza seva,
Morogoro.